Kiatu cha Pili cha Kuku

Hapo juzijuzi, wala si zamani sana, palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kibali cha kulitaja nilikiomba miaka minne iliyopita na bado kinashughulikiwa. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yetu imeshachapwa, nzuri, ya rangi, lakini haijazinduliwa, kwa hiyo iko ndani ya sanduku.

Hilo la kuzinduliwa inabidi nilieleze mapema, maana wageni hawalielewi na hupenda kucheka mahali pasipo na kichekesho. Nchi yetu ni nchi ya utaratibu. Sheria ya Uzinduzi, kifungu cha kwanza, inasema kitu chochote cha umma hakitumiki mpaka mgeni rasmi awe amekata utepe, amepigwa picha na ameondoka. Kifungu cha pili kinasema asiyeridhika arudi kifungu cha kwanza. Ndiyo maana ukifika mjini kwetu utaona daraja zuri la zege, lenye taa, na chini yake watu wamekunja suruali wanavuka mto kwa miguu. Daraja lina utepe. Kituo cha mabasi kina vyoo vinane vya vigae, navyo vina utepe, na nyuma yake kuna kichaka ambacho hakikuhitaji mgeni rasmi.

Mimi ni Ladislaus Ngoda, Karani wa Itifaki Daraja la Tatu, Wizara ya Makuzi na Maandalizi. Kazi yangu ni kuandika barua za kutangaza uzinduzi na barua za kuuahirisha. Za kwanza nimeandika chache. Umri wangu ni miaka hamsini na saba, na sijawahi kukaa kitini nikatulia: nitasimama, nitachonga penseli, nitachungulia dirishani, nitakaa, nitasimama tena. Mke wangu husema nilizaliwa nimekalia siafu. Lakini kazini sina doa, na haya ninayoyasimulia nayasimulia kama mtumishi mtiifu.

*

Nchi rafiki ilitupa vitabu mia mbili vya watoto wadogo. Wizara ikafurahi, ikatengeneza Chumba cha Watoto katika maktaba ya mji, ikanunua mkeka laini, rafu fupi, na viti ambavyo mtu mzima akivikalia magoti yanamfika kidevuni. Ikatoa na mwongozo: chumba ni cha watoto wa kuanzia miaka mitatu mpaka wasiotimiza saba. Mtoto akishatimiza saba, mwongozo unamhesabu kuwa anajua kusoma, hata kama hajui, na mlangoni haruhusiwi.

Kisha tukafunga utepe mlangoni, tukasubiri mgeni rasmi.

Mkutubi wa chumba hicho alikuwa Bi. Asteria Lupembe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Watoto thelathini na wawili waliandikishwa. Kila Jumamosi asubuhi waliletwa na mama zao na bibi zao, na kwa kuwa ndani hapakuingilika, walikaa barazani. Wizara haikuwaacha wakae bure. Iliwatungia ngonjera ya kumkaribisha mgeni, wakaifanyia mazoezi kila wiki:

*Karibu mgeni wetu, karibu chumbani mwetu,*
*Vitabu ni ndugu zetu, twavisoma kila siku.*

Waliiimba vizuri sana. Walipomaliza waligeuka na kubandika nyuso zao kwenye kioo cha dirisha, wakawatazama ndugu zao kwa mbali.

Ndani, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, Bi. Asteria alikuwa amesimamisha kitabu kimoja ili jalada lionekane. Kwenye jalada palikuwa na kuku wa kahawia amevaa kiatu kimoja tu, buti jekundu la mvua, mguu wa kulia. Mguu wa kushoto ulikuwa wazi, kucha zote nje. Watoto walimcheka wakachoka, wakahamia kwenye mambo mengine. Mmoja hakuchoka. Aliitwa Sikudhani, alikuwa na miaka minne na miezi michache, na aliletwa na bibi yake, muuza mihogo ya kukaanga ambaye mwenyewe hakupata kusoma. Siku niliyofika na pikipiki ya wizara kupeleka barua ya kwanza, mtoto yule alinifuata mpaka ngazini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Kiatu chake cha pili kiko wapi?"

Nilidhani anazungumzia kiatu changu, nikaangalia miguu yangu. Akanionyesha dirisha. Nikamwambia jibu bila shaka limo kitabuni, na kitabu kitafunguliwa siku ya uzinduzi, ambayo kwa mujibu wa barua niliyoishika imeahirishwa kwa wiki mbili.

"Wiki mbili ni kesho?"

"Ni karibu na kesho," nikasema. Ndivyo tulivyozoea kusema wizarani.

*

Sitaki msomaji adhani tuliahirisha kwa uzembe. Kila mara palikuwa na sababu, na kila sababu niliichapa kwa mkono wangu.

Mara ya kwanza zulia jekundu lilikuwa limeazimwa na uzinduzi wa zulia jingine. Mara ya pili wizara mbili ziligombania mkasi: yetu ilisema mtoto wa miaka minne ni suala la makuzi, na Wizara ya Karatasi ikasema kitabu ni karatasi. Kamati ilikaa siku tisa, ikaamua iwepo mikasi miwili, kisha ikagundulika utepe ni mfupi, hautoshi kukatwa mara mbili. Mara ya nne Mheshimiwa Waziri alikuwa nje ya nchi, kwenye mkutano wa umuhimu wa kuwasomea watoto kungali mapema. Mara ya sita jiwe la uzinduzi lilikuwa tayari limechongwa tarehe, tarehe ikapita, ikabidi lichongwe upya. Fundi wetu, mtu mwenye akili, sasa anachonga jiwe bila tarehe, na tarehe anaiweka kwenye kibati kidogo chenye skrubu mbili.

Miezi ikaenda, kisha mwaka. Watoto wakang'oka meno na wengine wakaota mapya. Viatu vilibadilishwa. Ngonjera ilibaki ileile.

Bi. Asteria hakuweza kuvumilia. Aliiandikia wizara akiomba kibali cha kufungua kitabu kimoja tu, Jumamosi moja tu, awasomee watoto huku mlango umefungwa. Jibu niliandika mimi, kwa maelekezo: *Kusoma kabla ya uzinduzi ni kuupunja uzinduzi.* Nilipompelekea, aliisoma amesimama, akaisoma tena, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Bwana Ngoda, na hizi barua zako, nazo zinasubiri kuzinduliwa?"

Swali lilinipendeza kwa kuwa lilikuwa la kisheria. Nilitoa kitabu cha sheria kwenye mkoba, nikapekua jedwali lote: madaraja, visima, vyoo, vitabu, vijiko vya hospitali. Barua hazimo.

"Barua haizinduliwi," nikamwambia. "Barua ni barua."

"Asante sana," akasema, na akaenda kutafuta pini.

Tangu siku hiyo kila barua yangu aliibandika ukutani barazani, chini kabisa, usawa wa macho ya mtoto wa miaka minne. Nilifurahi kuona kazi yangu inaheshimiwa. Sikujua anafanya nini mpaka nilipofika na barua ya saba, nikakuta watoto wamechuchumaa ukutani na vidole vyao vimejaa vumbi la chaki.

"Nani atanionyesha *a*?" Bi. Asteria aliuliza.

Vidole thelathini vikaenda kwenye neno *umeahirishwa*.

Sasa fikiria. Barua zangu zote baada ya ile ya kwanza zinafanana. *Unaarifiwa kuwa uzinduzi wa Chumba cha Watoto umeahirishwa hadi tarehe itakayotajwa.* Kinachobadilika ni sababu tu, na sababu ni fupi. Nimejaribu kukumbuka vitabu nilivyofundishwa navyo nikiwa mdogo, na sikumbuki hata kimoja kilichorudia maneno yake kwa uaminifu kiasi kile. Watoto wa nchi nyingine huanza na *baba* na *mama*. Wa mji wetu walianza na *umeahirishwa*, neno lenye silabi sita, na walilimeza lote.

Sikudhani ndiye aliyewatangulia wenzake. Nilipofika na barua ya tisa aliichukua mkononi mwangu kabla sijashuka kwenye pikipiki, akaisoma mwanzo hadi mwisho, pamoja na namba ya kumbukumbu, pamoja na "nakala kwa faili". Kisha akanirudishia.

"Tena," akasema.

Bibi yake alikuwa amekaa na beseni lake la mihogo. Alitutazama, akatikisa kichwa.

"Bwana mkubwa, huyu mtoto ananisomea mpaka gazeti ninalofungia mihogo. Wateja wanangoja. Lakini bado analia na kuku wake. Mwezi wa nane anatimiza saba. Mtamfungulia lini?"

Nilimwambia suala linashughulikiwa. Nikapanda pikipiki, nikashuka, nikaangalia tairi, nikapanda tena. Njia nzima sikutulia.

*

Uzinduzi ulikuja. Najua msomaji hakutegemea, hata mimi sikutegemea. Ilikuwa barua ya kumi na mbili, na ilikuwa ya kutangaza. Tarehe ilikuwa Jumamosi, na Sikudhani alikuwa anatimiza miaka saba Jumanne iliyofuata. Siku tatu za kukaa kwenye mkeka na kitabu. Bibi yake alimsuka nywele, akamvalisha gauni la manjano.

Mheshimiwa Waziri, Dakta Wilbroad Semvua, alifika saa tano kwa mwaliko wa saa mbili. Tulikuwa na mahema, spika, bendi, na zulia. Watoto walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi na walikuwa wanacheza kwa mguu mmoja mmoja kama watu wanaotafuta choo, na ndivyo ilivyokuwa, maana vya maktaba navyo vina utepe. Walisema ngonjera yao. Mheshimiwa akafurahi, akasimama, akafungua jalada la hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa lisilosoma ni taifa ambalo halijasoma."

Tukapiga makofi.

"Mtoto ni kitabu. Mzazi ni jalada. Serikali ni rafu. Na nani anaweza kusimamisha kitabu bila rafu? Nawauliza, na sitaki mnijibu."

Hatukumjibu. Aliendelea kwa dakika hamsini, akatueleza kwamba ubongo wa mtoto hukua zaidi kabla ya miaka sita, kwamba siku ikipita hairudi, na kwamba jambo hili haliwezi kungoja hata dakika moja. Kisha mkasi ukaletwa kwenye mto wa mahameli.

Sasa, mtu hawezi kushika mkasi, utepe na hotuba kwa mikono miwili. Itifaki inataka msaidizi apokee hotuba. Msaidizi alikuwa anapiga picha. Mheshimiwa, bila kuangalia, akalinyoosha jalada upande, na aliyekuwa amesimama upande huo, karibu na kipaza sauti, ni Sikudhani, aliyepangwa kumpa maua. Alilipokea. Na kwa kuwa katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumkataza karatasi ya serikali, aliisoma.

"Hapa nyanyua mkono wa kulia," alisoma, kwa ile sauti ya barazani. "Tabasamu. Subiri makofi. Wasipopiga, rudia sentensi."

Watu wakatazamana. Kisha, kwa mazoea, wakapiga makofi.

"Hapa sema jina la mji. Uliza jina la mji kabla hujapanda jukwaani."

Mheshimiwa alishusha mkasi. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na wasiwasi. Aliinama kwa mtoto.

"Nani kakufundisha kusoma?"

Sikudhani akanyoosha kidole. Nilitazama nyuma yangu nikitumaini kuna mtu. Hapakuwa na mtu.

"Babu Barua," alisema.

Katibu wa wizara alimnong'oneza Mheshimiwa, Mheshimiwa akamnong'oneza Katibu, na mimi niliyekuwa karibu nikasikia yote. Hoja ilikuwa nzito. Chumba hiki kinazinduliwa ili watoto wajue kusoma. Mtoto huyu anajua kusoma. Basi matokeo yametangulia mradi. Mheshimiwa akikata utepe leo, anazindua kilichokwisha kutokea, na magazeti yatauliza kilichotokea kilitokea kwa idhini ya nani.

Mkasi ukarudishwa kwenye mto. Kipaza sauti kikatangaza kuwa, kutokana na mafanikio makubwa yaliyojitokeza, uzinduzi umeahirishwa. Watoto thelathini na wawili walilitambua neno hilo kabla ya wazazi wao. Niliona midomo yao ikilisema.

Papo hapo iliundwa Kamati ya Kuchunguza Usomaji wa Mapema. Vitabu vyote mia mbili vikatolewa kupitia dirisha, ili utepe usiguswe, vikatiwa kwenye masanduku kama vielelezo, pamoja na barua zilizobanduliwa ukutani. Sikudhani alisimama kando ya sanduku la mwisho. Aliona kuku wake akipita, akaona anawekwa, akaona mfuniko unafungwa. Hakulia kwa sauti.

"Mimi nilitaka kujua kiatu tu," alimwambia Bi. Asteria.

Bi. Asteria alimshika bega. Mimi niliona haya. Naliandika hivyo hivyo lilivyo, maana nimetafuta neno la kiofisi la kulieleza na sikulipata.

*

Vielelezo huhifadhiwa mahali penye kufuli. Wizara nzima chumba chenye kufuli zima ni namba kumi na nne, ambacho ni changu. Hivyo masanduku yaliwekwa chumbani kwa mtuhumiwa, na mtuhumiwa akaamriwa na kamati aandae orodha ya yaliyomo.

Jumapili nilishinda nyumbani, nikainuka na kukaa mpaka mke wangu akanipa fagio nifagie ua. Jumatatu nilifika ofisini, nikachonga penseli zote. Mchana wenzangu walipokwenda kula nilisimama mbele ya sanduku la mwisho. Kusoma kabla ya uzinduzi ni kosa, nimeichapa mimi mwenyewe sentensi hiyo. Lakini kuandaa orodha ya yaliyomo ni amri, na mtu hawezi kujua yaliyomo bila kufungua. Niliufikiria utetezi huo mara tatu, nikaona umesimama vizuri, nikafungua.

Kitabu kilikuwa na kurasa kumi na mbili. Nilikisoma nimesimama. Kisha nikakisoma nimekaa. Nilipoangalia saa nilikuwa nimekaa kwenye kiti kimoja robo saa nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niajiriwe.

Kitabu siwezi kukitoa nje, ni kielelezo. Lakini barua haizinduliwi. Nikavuta taipureta.

Jumanne asubuhi niliwasha pikipiki ya wizara. Sikudhani alikuwa kwenye kibanda cha mihogo cha bibi yake, miaka saba kamili, amevaa gauni lile la manjano. Aliponiona hakunikimbilia. Alinyoosha mkono tu, kama anayepokea kitu anachokijua tayari.

"Shikamoo, Babu Barua."

"Marahaba. Nina barua yako."

Aliifungua akaisoma kwa sauti, maana bibi yake alikuwa ameweka kando kijiko cha kukaangia na alikuwa anasikiliza.

*Kumb. Na. WMM/14/K/1*

*Kwa Sikudhani, Kibanda cha Mihogo.*

*YAH: KIATU CHA PILI*

*1. Tafadhali rejea swali lako la miaka miwili na nusu iliyopita. Tunaomba radhi kwa kuchelewa kulijibu.*

*2. Unaarifiwa kuwa kuku alikuwa na viatu viwili. Siku moja ya mvua alivivua, akalala. Alipoamka alikuta ametaga yai ndani ya kiatu cha kushoto.*

*3. Kuku alikiacha kiatu hapo kilipo. Alitembea na kimoja. Bata walimcheka. Mbuzi alimcheka. Kuku alikwenda sokoni na kiatu kimoja, akarudi na kiatu kimoja.*

*4. Asubuhi moja kifaranga kilitoka. Kilitoka kwa sababu kilikuwa tayari. Hapakuwa na mgeni rasmi.*

*5. Kwa sasa kiatu cha pili ni nyumba ya kifaranga.*

*Nakala: Faili.*

Bibi alicheka taratibu, mabega yakatikisika. Sikudhani hakucheka. Alirudi juu, akaisoma aya ya nne tena, polepole, bila sauti. Kisha akashuka na kidole mpaka mstari wa mwisho, akaigeuza karatasi nyuma, akaigeuza mbele, akitafuta kitu.

"Babu Barua," alisema, "*umeahirishwa* iko wapi?"

"Safari hii sikuiandika."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa gauni, na kuufunika mfuko kwa kiganja.

Kamati itaniita wiki ijayo, au tarehe itakayotajwa. Bi. Asteria ananiambia Jumamosi watoto wengine wote walifika barazani, wakaukuta ukuta mtupu na rafu tupu, na hawakuimba ngonjera. Walikaa ngazini wameelekea barabarani, wakiulizana ni saa ngapi Babu Barua atapita. Nimeandaa orodha ya yaliyomo mpaka kitabu cha tisa, kila kitabu na barua yake. Bado mia moja tisini na kimoja, na kitini nimetulia kabisa.